Programu Mpya, Michoro ya Zamani: Rai kutoka Njia Panda ya Tabora

Katika ofisi za wahandisi na wapimaji wa ardhi kuna swali ambalo hurudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, nalo ni hili: je, programu ya kompyuta tunayoitumia kuchorea na kukokotolea tuiache kama ilivyo, ama tununue toleo lake jipya? Mtu wa nje aweza kulidhania kuwa ni swali dogo la matumizi ya ofisi, sawa na kuamua kama viti vishonwe upya au vinunuliwe vingine. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba sivyo. Swali hili lagusa usalama wa madaraja, fedha za umma, na uwezo wa taifa kuisoma michoro ya vitu ambavyo limevilipia.

Mjadala wake kwa kawaida huzigawa ofisi pande mbili. Upande mmoja husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao": programu tuliyoizoea inatutosha, na majibu yake twayafahamu. Upande wa pili huvutwa na kila kinachotoka kiwandani, ukaithibitisha methali nyingine isemayo kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Rai yangu ni kwamba pande zote mbili huanza na swali lisilofaa, kwa kuwa zote huuliza umri wa programu. Swali la kwanza lingepasa kuwa juu ya kazi zilizokwisha kufanywa: je, baada ya mabadiliko haya michoro na vipimo vyetu vya jana vitasomeka, na nani ataweza kuvisoma? Ili tulielewe vema, na tuutazame mji wa Tabora, ambao kwa muda wa karne mbili umekuwa mahali pa kubadilishia mizigo.

Mahali pa kufungua na kufunga mizigo

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, ilipitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Ilichukua nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, ikarudi na pembe za ndovu na, kwa uchungu wa historia, watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Msafara ulipofika Tabora ulipumzika, wapagazi wengine wakaajiriwa, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya. Kutoka hapo njia ziligawanyika: nyingine kuelekea Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda.

Wafanyabiashara wa zama hizo walijua jambo moja ambalo lafaa kukumbukwa na mhandisi wa leo. Shanga zilizopendwa katika nchi moja ziliweza kukataliwa kabisa katika nchi ya pili. Kwa hiyo kiongozi wa msafara hakununua shanga kwa kuwa ni mpya au kwa kuwa ni nzuri machoni. Aliuliza kwanza ni zipi zinazopokewa kule aendako, na marekebisho aliyafanya mjini, kabla ya kuingia porini.

Reli ilipokuja, jambo hilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajenzi hao walipima kwa mita, na upana wa njia yao ulikuwa mita moja kamili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ikatawaliwa na Waingereza, ambao vipimo vyao vilikuwa futi na maili. Hao wakajenga tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza, lililofika ziwani mwaka 1928. Vipimo vya vitabuni vikabadilika, lakini upana wa njia haukubadilishwa. Ulibaki mita moja, kwa sababu gari la moshi litokalo Mwanza lilikuwa halina budi kupita juu ya reli ileile ya Mjerumani ili lifike pwani.

Leo Tabora imo tena katika hali ya namna hiyo. Reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, inayotumia umeme, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kwa upande wa magharibi mikataba iligawanywa vipande vipande. Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, kilitiwa saini mwaka 2021 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, na kampuni hiyohiyo ilipewa kipande cha Tabora hadi Isaka, kilomita 165, mwaka 2022. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kilitiwa saini Desemba 2022 na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Maana yake ni kwamba katika mji mmoja michoro ya Waturuki na michoro ya Wachina haina budi kukutana, na yote ikutane na kumbukumbu za njia ya mwaka 1912 inayopita jirani. Ni hapa ambapo swali la toleo la programu hukoma kuwa jambo la ofisini.

Hasara ya kila mmoja kuwa na toleo lake

Mfano wa Ulaya utatusaidia kuona hatari yenyewe. Ndege kubwa ya abiria iitwayo Airbus A380 ilitengenezwa vipande vipande katika nchi mbalimbali, kisha vipande vikaunganishwa Toulouse, Ufaransa. Ndani yake mna nyaya za umeme zenye urefu wa jumla wa kilomita zipatazo 530. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakichora kwa toleo la nne la programu iitwayo CATIA, hali wenzao wa Toulouse walikwisha kuhamia toleo la tano. Matoleo hayo mawili hayakuelewana sawasawa. Michoro ilipopita kutoka moja kwenda jingine, baadhi ya mambo ya njia za nyaya hayakuhamishwa barabara, na mafundi walipokuja kuunganisha ndege wakaona nyaya hazifiki mahali pake. Mwaka 2006 kampuni ikalazimika kutangaza ucheleweshaji mkubwa. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya wakati uliotazamiwa, na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya yuro.

Yafaa kuangalia kwa makini kosa lilikuwa wapi. Toleo la nne halikuwa bovu, kwa kuwa lilikwisha kutumika kwa kazi nyingi nzuri. Toleo la tano nalo lilikuwa na uwezo zaidi. Kosa lilikuwa katika kuruhusu kazi moja iendeshwe kwa matoleo mawili bila kuhakikisha mapema kwamba kilichochorwa huku kitasomwa vilevile kule.

Hata katika programu za kawaida za kuchorea hali ni hiyo. AutoCAD, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo wanafunzi wengi wa ufundi huijua, imebadilisha muundo wa mafaili yake mara nyingi. Faili lililohifadhiwa katika muundo wa mwaka 2018 halifunguki katika toleo la 2017 wala katika matoleo yaliyolitangulia, mpaka mwenye toleo jipya alihifadhi upya katika muundo wa zamani. Mpya husoma ya kale, lakini ya kale haisomi mpya. Kwa hiyo ofisi moja ikipanda toleo, zile zinazoshirikiana nayo husukumwa zipande pia, zitake zisitake, ziwe na fedha au zisiwe nazo.

Kung'ang'ania cha zamani nako kuna gharama

Msomaji asidhani kwamba nashauri tukae na programu za zamani milele. Zipo sababu za haki za kubadilika. Kampuni zinazotengeneza programu huacha kurekebisha kasoro za matoleo ya zamani. Mitambo ya kuendeshea kompyuta nayo hufikia ukomo: huduma ya kawaida ya Windows 7 ilikoma Januari 2020, na ya Windows 10 ikakoma Oktoba 2025. Kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama huwa mlango wazi kwa virusi, na ikiharibika ile mpya huenda isikubali kabisa kuendesha programu ya miaka 15 iliyopita.

Tena, programu iliyofanya kazi vema jana si dhamana ya kazi ya leo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja tangu kuruka. Sehemu ya programu ya kuongozea mwelekeo wake ilichukuliwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila taabu. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande, na namba moja iliyohusu mwendo huo ikawa kubwa kupita nafasi iliyotengewa katika kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi hiyo ilikuwa ya biti 16, ambayo haiwezi kuhifadhi namba inayozidi 32,767. Programu haikuwa imebadilika hata kidogo. Kazi ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyeijaribu programu hiyo kwa kazi mpya.

Kosa la mita 300

Karibu nasi zaidi kuna mfano ambao kila mwalimu wa jiografia aweza kuuonyesha darasani. Ramani zetu za topografia za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Mfumo huo ulitokana na kazi kubwa ya kupima mstari wa longitudo 30 Mashariki kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Sehemu iliyopita Tanganyika ilipimwa katika miaka ya 1930, na kazi nzima ikakamilika mwaka 1954. Wapimaji walilikadiria umbo la Dunia kwa tarakimu zilizokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880. Setilaiti za leo hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na nchi yetu nayo ina mfumo wake mpya unaofuata vipimo vya setilaiti, uitwao TAREF11.

Chukua majiranukta ya mahali, yaani zile namba za gridi zinazoeleza nukta ilipo juu ya ardhi, kutoka katika ramani ya zamani. Yaingize katika chombo cha setilaiti bila kuyageuza. Chombo kitakupeleka mahali palipo mbali na pale ulipopakusudia kwa kiasi cha mita 300. Juu ya ramani ya 1:50,000 umbali huo ni milimita 6 tu, upana mdogo kuliko ukucha. Lakini katika ujenzi wa tuta la reli mita 300 ni tofauti kati ya kuweka kalavati bondeni, mahali maji yapitapo, na kuliweka juu ya kilima pasipo na maji, huku mafuriko yakipasua tuta kwingineko. Nchi hii yajua gharama ya maji juu ya reli: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu Reli ya Kati katika eneo la Kilosa, na safari zikakatika kwa miezi mingi.

Njia ya Tabora hadi Kigoma ina mtego mwingine tena. Gridi ya ramani hugawanya Dunia katika kanda za longitudo zenye upana wa nyuzi 6. Tabora imo katika kanda ya 36, lakini Kigoma iko magharibi ya longitudo 30, nayo imo katika kanda ya 35. Reli moja, basi, huanza na namba za kanda moja na kumalizikia katika namba za kanda nyingine. Programu iliyopangwa vema hushughulikia jambo hili bila shida. Ile iliyobadilishwa ghafla, na mipangilio yake ya zamani ikasahauliwa, yaweza kuchora mstari mzuri, ulionyooka, uliopakwa rangi za kupendeza, lakini usiokuwapo mahali pake. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa kwake namba zote ni halali.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuamua

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba ofisi yoyote ya uhandisi, iwe ya serikali, ya shirika au ya mtu binafsi, ijiulize maswali manne kabla ya kutia saini hati ya kununua toleo jipya au kulikataa.

Kwanza, kazi iliyopo imefika wapi? Msafara ulibadili mizigo Tabora, haukuibadili katikati ya pori. Vivyo hivyo toleo la programu libadilishwe kazi moja inapokwisha na nyingine kabla haijaanza. Anayebadili katikati ya usanifu wa daraja huchanganya makosa ya programu na makosa ya usanifu, na baadaye hakuna awezaye kuyatenganisha.

Pili, je, kazi ya zamani hutoa jibu lilelile? Ichukuliwe kazi iliyokwisha kujengwa na kukaguliwa, iingizwe katika toleo jipya, na majibu yalinganishwe namba kwa namba. Yakitofautiana, sababu itafutwe mpaka ipatikane. Kwa muda fulani matoleo yote mawili yaendeshwe sambamba.

Tatu, wale tunaobadilishana nao michoro wanatumia nini? Jambo hili liandikwe katika mkataba tangu mwanzo: mfumo wa majiranukta, kanda ya gridi, muundo wa mafaili na toleo lake. Mtu ataniambia kwamba mkandarasi mkubwa huja na programu zake na sisi hatuna nguvu ya kumpangia. Sikubaliani naye. Alipaye ndiye aagizaye, na wakati wa kuagiza ni kabla ya saini.

Nne, tukishindwa kulipa ada mwakani, tutabaki na nini? Zamani programu ilinunuliwa mara moja, ikawa mali ya mnunuzi. Tangu mwaka 2016 kampuni ya Autodesk imeacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD, na sasa mtumiaji hulipa kwa kipindi, kama mpangaji alipavyo kodi ya nyumba. Reli ya meta moja imetumika kwa zaidi ya miaka 110. Reli mpya nayo imekusudiwa kudumu muda mrefu kuliko programu yoyote iliyoisanifu. Ikiwa michoro yake itahifadhiwa tu katika mafaili yanayofunguka kwa programu ya kulipia kila mwaka, tutakuwa tumeinunua reli lakini michoro yake tumeipanga. Dawa yake yapatikana. Pamoja na mafaili ya kawaida, kila kazi ihifadhiwe pia katika miundo iliyo wazi kwa wote: majiranukta katika faili la maandishi matupu, michoro katika DXF, majengo na madaraja katika muundo wa IFC uliokubaliwa kimataifa kwa namba ISO 16739, na nakala za karatasi zitiwe sahihi na kutunzwa mahali pakavu.

Wako pia wanaoikimbia gharama hiyo kwa kutumia nakala za wizi. Mbali na kuvunja sheria, nakala hizo hazipokei marekebisho, na mara nyingi huja na virusi. Afadhali ofisi au shule isiyo na fedha itumie programu za bure zilizo halali. Kwa kazi za ramani ipo QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo yaujua mfumo wa Arc 1960 na yaweza kuugeuza kwenda WGS 84.

Wajibu wa shule

Maswali yote hayo yanategemea jambo moja ambalo halinunuliwi dukani, nalo ni watu wanaoweza kuyakagua majibu ya kompyuta kwa akili zao. Tabora ina shule za sekondari zenye historia ndefu, ina chuo cha reli, na ina Chuo cha Ardhi. Walimu wa mji huo, na wenzao wa nchi nzima, wasingoje kompyuta mpya ndipo waanze kazi hii.

Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi kona ya reli yenye nusu kipenyo cha mita 1,000 inayogeuka kwa nyuzi 30. Urefu wa kona hiyo ni 3.1416 × 1,000 × 30 ÷ 180, yaani mita 523.6. Umbali kutoka mwanzo wa kona hadi pale mistari miwili iliyonyooka inapokutana ni 1,000 × tan 15°, yaani mita 267.9. Hesabu hii yahitaji penseli na jedwali la tanjenti tu. Kisha, mahali palipo na kompyuta, kona ileile ichorwe kwa toleo la zamani la programu na kwa toleo jipya, na majibu matatu yalinganishwe. Mwalimu wa jiografia naye awachukue wanafunzi wake mpaka kwenye njia panda iliyo katika ramani ya 1:50,000, wasome majiranukta ya hapo kwa simu yenye uwezo wa setilaiti, kisha waitafute nukta hiyo juu ya ramani. Wakiikuta milimita 6 pembeni ya mahali waliposimama, wajadiliane ni nani aliyekosea, na wasiruhusiwe kujibu kwamba ni ramani kwa sababu ni ya zamani.

Mwanafunzi aliyefanya mazoezi hayo mawili atakapokuwa mhandisi, na mchuuzi wa programu akamjia ofisini na toleo jipya mkononi, hatalikimbilia wala hatalikataa papo hapo. Atamwomba aifungue kwanza michoro ya daraja lililojengwa miaka 20 iliyopita, naye atakaa kando na penseli yake, akizihakiki namba.